SOMO: Gombe wikiendi ya Siku ya Nyerere bila kukwama ufukweni

Wakuu, kila Oktoba 14 ikikaribia inboksi inajaa swali lilelile: wikiendi hiyo naendaje Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe pale Kigoma, na narudije? Naandika mara moja, tusisumbuane.

1. Beba kitambulisho cha NIDA. Raia ana kiingilio chake.

2. Malipo ya hifadhi ni kwa kontroli namba au kadi, siyo noti mkononi. Malizeni mkiwa Kigoma mjini.

3. Malazi na mwongozaji wekeni mapema.

4. Boti. Za abiria zinatoka Kibirizi, ufukwe wa boti karibu na Kigoma mjini, mchana kuelekea vijiji vya kaskazini. Za kurudi zinapita Kasekela, ufukwe wa wageni ndani ya Gombe, asubuhi na mapema, na Jumapili hazitembei. Hili sikuuliza mwaka wangu wa kwanza. Niliongoza watu sita, Jumamosi tukaenda, Jumapili tukapanda mlima, jioni tukakaa kwenye kokoto na mabegi mgongoni tukipungia kila kinachoelea. Waliopita ni wavuvi wa dagaa na taa zao, wanakwenda kazini sisi tunataka kurudi. Mwenzetu mmoja Jumatatu alikuwa na zamu saa moja asubuhi, mpaka leo hanipokelei simu. Kwa hiyo panga safari kuanzia siku ya kurudi. Tarehe 14 ikiangukia Jumatatu, umepona. Vinginevyo kodini boti yenu, mlipeni mwenye boti nusu, nusu akishawarudisha. Asiye na jaketi okozi za kutosha, muacheni hata kama bei yake tamu.

5. Kupanda anzeni alfajiri. Maporomoko ya Kakombe yanafikika bila shida. Kilele cha Jane (yule Jane Goodall, mtafiti wa sokwe) ni mguu haswa, na huko juu kwenye nyasi hakuna kivuli. Maji lita mbili kila mtu, msiseme "tutagawana, tutaona".

MASWALI

Kijana wa Mwanga: Mkuu, Jumapili boti ipo?
— Namba 4.

Kijana wa Mwanga: Nimeuliza tu, mbona mkali?
— Na mimi nimejibu tu. Soma.

Mama Wawili: Mwanangu ana miaka 12, naweza kwenda naye kuona sokwe?
— Hapana dada, ni kuanzia miaka 15. Ufukweni sawa, msituni kwa sokwe hapana. Hata ukimvalisha kofia ya baba yake.

BintiUjiji: Samahani kaka, kwa nini tuvae barakoa na tuko porini?
— Swali zuri, karibu. Sokwe mtu wanashika magonjwa yetu kirahisi. Mwaka 1966 polio iliwaingia sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakapooza viungo. Mafua yako madogo kwao ni msiba. Ndiyo maana mnakaa mbali nao, muda mnaopewa ni saa moja, na mwenye kikohozi abaki chini. Ukipata nafasi muulize mwongozaji habari za ukoo wa F, familia ya sokwe ambao majina yao yanaanza na F, atakupa hadithi mpaka boti ifike.

Mzee wa Safari: Wikiendi hiyohiyo naweza kuunganisha na hifadhi ya Mahale, nipande mlima Nkungwe?
— Mita 2,462, halafu Mahale ni kusini na Gombe kaskazini. Chukua likizo mzee wangu.

Mgebuka Mkavu: Naongezea, chakula kisionekane. Nyani walininyang'anya mkate mzima, mmoja akakaa juu ya mwamba anaumenya mfuko wa lailoni taratibu kama ndizi.
— Kweli kabisa. Samaki wetu, migebuka ya kukaanga, kuleni palepale Kibirizi kabla ya kupanda boti.

BintiUjiji: Kwa mama yupi?
— Fuata harufu, dada.