Maharage chini ya michikichi: pima kivuli kabla hujalaumu udongo

Michikichi yangu hapa Kasulu ilipofika mwaka wa tano, maharage niliyochanganya nayo yalitoka marefu, majani mapana, kijani cha kupendeza. Siku ya kuvuna, mashina ya karibu na miti yalikuwa na maganda mawili matatu tu. Ule urefu haukuwa afya, yalikuwa yanakimbilia jua. Jirani zangu wengi wanapoona hali hii wanakimbilia mbolea. Ninawaomba waanze na kivuli.

Hatua ya 1: Soma kivuli. Chagua siku isiyo na mawingu. Saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri, chomeka vijiti kwenye ukingo wa kivuli. Eneo lililofunikwa mara zote tatu usilipande maharage. Rudia kipimo msimu ukiendelea, maana kivuli huhama. Kwetu Kigoma jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Desemba liko upande wa kusini, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri hulala kaskazini mwa mti. Vijiti vya Oktoba havitakuonyesha hilo.

Hatua ya 2: Panda mistari mitatu. Mmoja karibu na mti, mmoja katikati ya safu mbili za michikichi, mmoja peupe kabisa. Mbegu ileile, siku ileile, sentimita 50 kati ya mistari na 10 kati ya mbegu. Lakini mchikichi hauleti kivuli tu, mizizi yake pia inagombania maji na chakula. Ili usichanganye mambo hayo mawili, jenga kichanja cha nyasi juu ya kipande cha ule mstari wa peupe. Hapo kuna kivuli bila mizizi ya mti. Kipande hicho ndicho kitakachokupa jibu: maharage yake yakidhoofu kama yale ya karibu na mti, tatizo ni kivuli; yakistawi, ni mizizi.

Hatua ya 3: Chimba, using'oe. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Maua yanapoanza, kwenye wiki ya tano au ya sita, chimbua mashina matano kila mstari pamoja na udongo wake, uyatumbukize kwenye ndoo ya maji, udongo uachie wenyewe. Ukivuta kwa mkono, vinundu, yaani vivimbe vidogo vya kwenye mizizi, vinabaki ardhini na utadhani havikuwepo. Vihesabu, kisha pasua vichache kwa wembe. Ndani pakiwa na wekundu kama ufizi, kinundu kinafanya kazi. Pakiwa peupe, kijani au kijivu, hakifanyi.

Bakteria walio kwenye vinundu ndio wanaoupatia mmea naitrojeni kutoka hewani, na mmea unawalipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Jani likikosa mwanga, sukari hupungua, na kidogo kilichopo kinakwenda kurefusha shina. Kwa hiyo kivuli kinaukosesha mmea mwanga na mbolea yake yenyewe kwa pamoja. Mbolea ya yurea inaweza kukijanisha majani, lakini haileti mwanga.

Hatua ya 4: Wakati wa kuvuna, hesabu maganda ya mashina kumi kila mstari. Andika kwenye daftari.

Hatua ya 5: Gawa shamba. Peupe weka maharage au karanga. Kwenye kivuli chepesi panda kunde za mboga: majani utachuma, maganda usiyategemee sana. Kivuli hicho chepesi si adui. Mvua ikikatika wiki mbili, udongo wake unabaki na ubaridi. Ila mvua zikizidi, majani yanachelewa kukauka na magonjwa ya madoa yanaingia haraka, kwa hiyo achanisha mimea. Penye giza weka matandazo tu.

Tafadhali usikate matawi mabichi ya mchikichi ili kuokoa maharage, utapoteza mikungu. Ondoa yaliyokauka. Na kama ndiyo kwanza unapima shamba jipya, elekeza safu za miti mashariki–magharibi, jua lipite kwa urefu wa nafasi iliyo katikati yake kuanzia asubuhi hadi jioni.