Mwongeaji akipewa maiki ya harusi: namna ya kujipanga

Karibu kila ukoo una mtu asiyeishiwa maneno, na siku ya harusi ndiye anayesukumwa awe MC. Ana faida kubwa: umeme ukikatika, maharusi wakikawia kwenye picha au chakula kikiwa bado jikoni, hatetereki. Ila mdomo huohuo ndio unaokula muda wa ukumbi, na kinachokatwa mwishoni huwa ni muziki.

Chukua ratiba kwa mwenyekiti wa kamati mapema, uipange kuanzia mwisho. Ukumbi ukifungwa saa 6:00 usiku, ondoa dakika 60 za muziki, 30 za zawadi, 60 za chakula, 30 za keki na shampeni. Utaona kwamba utambulisho lazima uishe saa 3:00. Kisha wekea alama mahali usipotakiwa kusema kitu: maharusi wakiingia, wakilishana keki, mzazi akitoa nasaha. Mtu wa maneno hahitaji kuandika atakachosema, aandike atakaponyamaza.

Utambulisho ndipo wengi wanapoharibu. Ndugu 20 wakisimama, nawe ukamtupia kila mmoja utani wa sekunde 30, dakika 10 zimekwenda na bado upande wa pili. Omba msemaji mmoja kwa kila familia, mpe dakika 5, na usidandie majina anayoyataja. “Itifaki imezingatiwa” nayo inatosha mara moja; ukishaisema usianze tena kuorodhesha wakubwa.

Utani wa Mchaga na Mpare unakubalika pale tu penye Wachaga na Wapare wanaoufurahia, kwa hiyo uliza kabla. Mahari, umri wa bibi harusi, ujauzito na wapenzi wa zamani usiviguse kabisa. Tena kuna mtego wa MC aliyehudhuria vikao: anajua nani aliahidi mchango na hakutoa. Hilo likichomoka kwenye spika hata kwa mzaha, ugomvi wake utadumu kuliko sherehe yenyewe.

Maiki ishike vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, bila kufunika kichwa chake kwa kiganja. Usisimame mbele ya spika, maana sauti inayotoka huingia tena kwenye maiki na ukumbi mzima unapigwa na mlio mkali. Kama haina waya, kaa na betri za akiba mfukoni. Usipige kelele, kazi hiyo ni ya spika. Ukikazana, sauti itakuwa imekauka kabla ya zawadi. Kunywa maji ya uvuguvugu kidogokidogo.

Mwongeaji hajioni anapopitiliza, hivyo mweke mtu mmoja wa kamati unayeweza kumwona. Akigusa saa yake, malizia sentensi uliyoanza. Mruhusu na DJ apandishe muziki usipoelewa ishara hiyo (atafurahi sana kupewa ruhusa hiyo).

Wakati wa chakula, tangaza meza ipi itangulie na ipi ifuate, kisha zima maiki. Mwenye sahani mkononi hasikilizi. Shukrani za mwisho ni za mwenyekiti wa kamati: mtaje, mkabidhi maiki, na usiichukue tena.