Volkswagen Beetle inazunguka lakini haiwaki: kufuata moto kutoka betri hadi plagi

Beetle ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia kabureta. Kwenye injini yenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili, ndani ya distributa, yaani kigawanya moto kwa plagi) anza na moto, yaani cheche ya plagi, kwa sababu kuukagua ni kazi ya dakika kumi, na pointi na kondensa (kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue) huharibika mara nyingi kuliko kabureta. Kanuni ya kazi ni moja: fuata njia ya umeme kwa mpangilio wake, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha koili (inayokuza volti za betri ziwe moto wa plagi), kondensa na plagi kwa mpigo, gari likiwaka hutajua kilichoharibika ni kipi, na kile kibovu utakirudisha kwenye boksi la spea.

Maelezo haya ni ya injini za volti 12 zenye pointi. Andaa taa ya kupimia (balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili), fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), plagi moja nzima ya majaribio, msasa laini, bisibisi na spana ya 21. Weka gia huru, vuta hendibreki, na ukisikia harufu kali ya petroli usijaribu moto kabla haijaisha.

Hatua ya 1: Betri na eathi

Betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Safisha vichwa vyake na ukaze klampu. Hakikisha kifuniko chake kipo, maana springi za kiti zikigusa vichwa vya betri kiti huungua, na Beetle nyingi zimeteketea hivyo. Halafu ingia chini uangalie mkanda wa eathi unaounganisha giaboksi na bodi. Ukikatika, stata huzunguka kwa uchovu hata kwa betri mpya, na umeme hutafuta njia kupitia kebo ya akseleta.

Hatua ya 2: Je, moto upo?

Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomeke plagi ya majaribio, na chuma chake kiguse injini, mbali na kabureta. Shika waya kwa koleo lenye mpira, mwenzako apige stata. Moto mzuri ni wa buluu na hulia. Ukiwa mwembamba wa njano, au ukikosekana, chomoa waya wa katikati kwenye kava ya distributa, uushike milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma, mpige stata tena.

Moto ukiruka hapo, koili na pointi ni nzima. Nenda hatua ya 5. Usiporuka, endelea na hatua ya 3.

Hatua ya 3: Taa kwenye koili

Hapa ndipo tatizo hujitaja lenyewe, kwa hiyo usiharakishe. Koili ina vichwa viwili vidogo: namba 15 hupokea umeme wa swichi, namba 1 hupeleka waya kwenye distributa. Unga waya mmoja wa taa kwenye chuma cha injini, fungua swichi, gusa namba 15. Isipowaka, umeme haufiki: fuatilia waya mweusi kurudi kwenye swichi. Kumbuka kwamba choki ya umeme na kizuia mafuta cha kabureta huchukua umeme hapo hapo. Waya wao ukigusa chuma, moto wote huzimika.

Sasa gusa namba 1 huku stata ikizunguka:

- Taa ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi. Moto ukikosekana hata hivyo, shuku kondensa, kisha koili.
- Ikiwaka moja kwa moja, pointi hazifungi: zina uchafu au zimeachana mno, au waya wa ndani umekatika.
- Isipowaka kabisa, chomoa waya unaokwenda kwenye distributa, uguse namba 1 tena. Ikiwaka sasa, koili ni nzima na shoti iko ndani ya distributa: pointi hazifunguki, kondensa imekufa, au waya umechubuka. Isipowaka, koili imekatika.

Usiache swichi wazi muda mrefu injini ikiwa imesimama. Pointi zikiwa zimefunga, koili huchemka.

Hatua ya 4: Pointi na kondensa

Zungusha injini kwa spana ya 21 kwenye nati ya puli ya jenereta mpaka kidole cha pointi kikae juu ya kilele cha kemu (ekseli yenye vilele inayofungua pointi). Nafasi kati ya pointi iwe milimita 0.4. Pointi mpya zifute kwa kitambaa safi chenye spiriti, maana hutoka dukani na mafuta ya kuzuia kutu. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Ikikosekana, kidole huliwa, nafasi hupungua na taimingi (wakati wa moto kuruka) huchelewa.

Pointi zilizoungua mapema ni ushahidi dhidi ya kondensa. Dalili nyingine: gari huzima likipata joto, likipoa linawaka tena. Koili nayo hufanya hivyo, lakini kondensa ni rahisi, ibadilishe kwanza. Ukinunua koili, pima vichwa viwili vidogo: iwe karibu omu 3 hadi 4. Ya omu 1.5 hutaka rezista yake; bila hiyo utachoma pointi kila mara.

Hatua ya 5: Kava, rota na nyaya

Tafuta mstari mweusi mwembamba ndani ya kava. Ni ufa unaopitisha moto. Pwani, chumvi na unyevu wa asubuhi vinatosha kuupoteza moto, kwa hiyo kausha kabla ya kununua. Kisha shika waya wa koili juu ya rota (kipande kinachozunguka chini ya kava) na upige stata: moto ukirukia rota, imetoboka, itupe.

Mpangilio wa nyaya za plagi kwenye kava ni 1-4-3-2 kwa mwelekeo wa saa, kuanzia alama iliyokatwa kwenye ukingo wa distributa. Ukitazama mbele ya gari, silinda 1 ni kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma.

Hatua ya 6: Taimingi

Ifanye baada ya pointi, kwa kuwa nafasi ya pointi huihamisha. Injini nyingi zenye distributa ya vakyumu moja (mpira mmoja wa kunyonya hewa) hutegeshwa nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika kilele. Leta alama ya puli kubwa ya chini, ya krenki, kwenye mshono wa injini, rota ikitazama alama ya silinda 1. Legeza klampu, zungusha distributa kwa mwelekeo wa saa mpaka taa kwenye namba 1 izime, kisha irudishe taratibu. Inapowaka tu, kaza. Distributa ya vakyumu mbili ya kuanzia 1971 ni tofauti: nyuzi 5 baada ya kilele, kwa taa ya taimingi, mipira ya vakyumu ikiwa imeunganishwa. Usiufanye moto uruke mapema zaidi ili kupata nguvu; silinda 3, inayopata joto zaidi, ndiyo italipa kwa valvu.

Hatua ya 7: Plagi

Nafasi milimita 0.6 hadi 0.7, uzi mfupi wa milimita 12.7; yenye uzi mrefu hupigwa na pistoni. Anza kuifunga kwa kipande cha mpira wa petroli, kwani silinda hedi ni laini. Rudisha mipira ya kuziba kwenye nyaya, maana bila hiyo hewa ya kupoza injini hutorokea hapo. Kagua pointi tena baada ya kilomita 500, kisha kila kilomita 5,000.