Kabla hujalipa nyumba: maswali ninayoulizwa kwenye foleni ya Ardhi House

Mimi ni karani wa wakili hapa Nairobi, mwaka wa 19 sasa. Asubuhi niko Ardhi House, makao ya Wizara ya Ardhi pale Community, mchana niko City Hall kwenye ofisi za kaunti nikifuatilia reti (ada ya ardhi inayolipwa kaunti), jioni narudi ofisini na mafaili kwapani. Si wakili, na hakuna ninachokuambia hapa kinachochukua nafasi ya wakili wako. Lakini watu hunishika mkono kwenye foleni wakaniuliza, "Mama, nimeshalipa, sasa nifanyeje?" Hilo neno "nimeshalipa" hunikata maini. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale yanayotakiwa kuitangulia pesa.

Wengi huanza hivi: muuzaji amenionyesha hatimiliki, nimeishika kwa mikono yangu, si inatosha? Haitoshi. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye sajili ya ardhi. Chukua namba ya ploti uikague rasmi. Kwa sehemu kubwa ya Nairobi ukaguzi huo sasa hufanyika kwenye Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021. Utaona jina la mwenye nyumba, ukubwa wa kiwanja, kama ardhi ni yake moja kwa moja au ameikodi kwa muda, kama benki imeishikilia kwa rehani, na kama kuna aliyeweka zuio la kuihamisha. Ikiwa ni ya kukodi, uliza imebakiza miaka mingapi. Kisha rudia ukaguzi siku chache kabla ya kumaliza malipo. Zuio linaweza kuwekwa siku yoyote.

Hata sajili ikiwa safi, uliza ardhi ilitoka wapi. Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya kiwanja kimoja cha Nyali, Mombasa, ikasema kuwa hatimiliki peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ugawaji wa mwanzo kabisa haukufuata sheria. Yaani makosa ya mtu wa kwanza yanaweza kukufikia wewe wa nne. Wakazi wa Syokimau walionja uchungu huo Novemba 2011, tingatinga zilipoangusha nyumba kwenye ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege, na wenyewe wamesimama kando na karatasi zao. Kwa hiyo mwombe wakili afuatilie historia ya ploti mpaka chanzo chake. Nenda pia na mpima ardhi aliyesajiliwa, alinganishe bikoni (alama za mipaka) na ramani za Idara ya Upimaji kule Ruaraka, ujue kama ukuta wa jikoni umeingia kwenye hifadhi ya barabara au ukingo wa mto. Na ukionyeshwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, kama ilivyo kawaida huku Eastlands, elewa kwamba hiyo si hatimiliki. Watu wawili wanaweza kushika vyeti vya ploti moja.

Swali la pili linahusu familia, na hapa ndipo nimeona machozi mengi kuliko kwenye ulaghai wa karatasi. "Nyumba ni ya marehemu baba yao, watoto wamekubaliana kuniuzia." Simama hapo. Sheria ya urithi hairuhusu nyumba wala ardhi ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi wa mirathi. Kuwa na hati peke yake hakutoshi; lazima iwe imethibitishwa, na ionyeshe nani anapata nini.

Kaka yangu alinunua hivyo mwaka 2014, nyumba ya vyumba viwili ya marehemu mmoja, kwa ndugu wawili waliomwapia kuwa wa tatu hana neno. Alilipa 900,000 za kwanza. Yule wa tatu alikuwa na neno, akalipeleka mahakamani. Kaka alirudishiwa 350,000, kidogo kidogo, kwa miaka mitatu, na nyingine hazikuonekana tena. Wakati huo mimi nilikuwa nabeba mafaili ya wageni kila siku, na yeye hakuniuliza kwa sababu alitaka kunishangaza na funguo.

Mke au mume naye asisahaulike. Ikiwa nyumba ni ya ndoa, mwenzi lazima atoe ridhaa yake kwa maandishi, hata kama jina lake haliko kwenye hati. Usikubali kuambiwa "mke yuko ushago, atasaini baadaye." Msubiri arudi.

Mapatano ya mdomo, je? Kwa ardhi na nyumba, sheria ya mikataba inataka maandishi, saini za pande zote na shahidi aliyeona zikitiwa. Kawaida arubuni, yaani malipo ya awali, ni asilimia 10 ya bei na muda wa kukamilisha ni siku 90, lakini soma mkataba wako. Arubuni ikae kwa wakili wa muuzaji, na mkataba useme wazi kwamba ataishikilia mpaka mambo yakamilike. Isiende kwenye M-Pesa ya broka, hata akiwa binamu yako. Kila upande uwe na wakili wake. Najua watu hutaka kuokoa pesa kwa kutumia mmoja, ila siku mkikosana atashindwa kuwasimamia nyote wawili.

Kwa fleti, uliza kama jengo limeshasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo (Sectional Properties Act), ili upate hati ya nyumba yako yenyewe. Uliza pia madeni ya ada za usimamizi.

Nani analipa nini? Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mijini, kwa thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali. Nyumba ikithaminiwa milioni 8, tenga 320,000. Muuzaji huwajibika kwa kodi ya faida ya mtaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, lakini kama ameishi mwenyewe kwenye nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, sheria inamsamehe. Wauzaji wengi hawalijui hili, na nimewaona wakilipa bure. Muuzaji pia ndiye huleta cheti cha kutodaiwa reti na kaunti na, ikiwa ardhi ni ya kukodi, cha kutodaiwa kodi ya ardhi inayolipwa serikali.

Uhamisho ukishasajiliwa, kagua sajili mara ya mwisho uone jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kisha weka risiti ya ushuru wa stempu, mkataba na nakala za hati zote za zamani kwenye faili moja. Siku ukiuza, mnunuzi wako atauliza nyumba ilitoka wapi, na faili hilo ndilo utakalomfungulia.