SOMO: Kuongeza gemu kwenye PlayStation Classic kwa kutumia flashi

Wakuu habari zenu. Wenye PlayStation Classic, ile ndogo iliyotoka Desemba 2018 na gemu 20 ndani, mnajua kinachotukera: 20 zinaisha haraka, na mbaya zaidi 9 kati ya hizo kwenye toleo la nje ya Japani ni za PAL (mfumo wa TV wa Ulaya), yaani zinakwenda kwa hezi 50 (picha 50 kwa sekunde) badala ya 60, kwa hiyo gemu ya kupigana kama Tekken 3 unaisikia kabisa imekuwa nzito. Dawa yake ni flashi moja tu na programu ya bure inaitwa AutoBleem. Konsoli huifungui, huhitaji bisibisi, na ukichomoa flashi inarudi kuwa kama ilivyotoka kwenye boksi.

Kabla ya yote tuongelee FLASHI, maana shida nyingi zinazokuja kwenye hili somo zinaanzia hapo na watu wanailaumu programu isiyo na kosa. Zile porti mbili za mbele zilitengenezwa kwa ajili ya pedi, umeme zinaotoa ni mdogo, sasa ukichomeka flashi ya USB 3 inayokula umeme mwingi konsoli haiioni kabisa, inawaka na gemu zake 20 kama vile hujachomeka kitu. Tafuta ile ya kawaida ya USB 2.0. Spidi sio ishu hapa, diski nzima ya PS1 ni MB 700 hivi ikijaa, kwa hiyo hata GB 32 inabeba gemu za kutosha sana.

1. Hamisha vitu vyako kwanza halafu formati flashi kwa FAT32 (aina ya mpangilio wa faili), jina lake uandike SONY kwa herufi kubwa zote. Sio Sony, sio sony. Konsoli inatafuta hilo jina, ukikosea hapo mengine yote umefanya kazi bure. Kama flashi ni zaidi ya GB 32 Windows haitakupa FAT32 kwenye menyu yake ya kawaida, tumia programu ya Rufus, na patisheni iwe ya MBR (utaichagua humohumo kwenye Rufus).

2. Shusha AutoBleem, fungua zip, kopi vyote vilivyomo uweke kwenye flashi moja kwa moja, usiviweke ndani ya folda nyingine. Utaona folda moja ina jina refu la namba na herufi ambalo halieleweki, hiyo usiiguse wala kuipa jina jingine, ndio inayofanya konsoli ikubali kuanzisha programu.

3. Gemu sasa. Ndani ya flashi kuna folda ya Games, kila gemu itengenezee folda yake humo ndani. Diski zako za zamani unazitoa kwa kompyuta yenye CD na programu kama ImgBurn, inakupa faili mbili, .bin na .cue. Hapa tulia kidogo: .cue ni maandishi tu, ifungue kwa Notepad utaona imetaja jina la .bin, na hilo jina lazima lifanane herufi kwa herufi na faili lenyewe. Wengi wanabadilisha jina la .bin lipendeze wanasahau kurekebisha ndani ya .cue, gemu inagoma. Gemu ya diski mbili au tatu weka zote folda moja.

4. Pedi chomeka porti ya kwanza, flashi ya pili, washa. Mara ya kwanza itachukua muda inasoma gemu, usiwe na presha usichomoe, ikimaliza zinajipanga kwenye menyu.

Kuzima bonyeza pawa usubiri taa itoke kijani irudi rangi ya chungwa ndio uchomoe. Sevu zako ziko kwenye flashi hiyohiyo, ukiwahi kuchomoa faili likaharibika umepoteza na gemu uliyofika mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nimefanya vyote lakini inaleta gemu zake za kiwandani tu.
Jibu: Angalia jina SONY, halafu angalia kama vitu viko nje au umeviweka ndani ya folda. Vyote viko sawa? Badilisha flashi ndugu yangu, ni umeme huo.

Swali: Flashi imekula porti ya pili, sasa tunachezaje wawili?
Jibu: Tumia habu ya USB yenye umeme wake, flashi na pedi ya pili zote zikae pale. Kuna njia ya kuhamishia flashi porti ya nyuma kwa kebo ya OTG (ya kuunganisha flashi kwenye porti ndogo) lakini hiyo inataka ubadilishe keneli (kiini cha mfumo) ya konsoli, hapo unagusa ndani yake kweli. Kama huna bakapu ya keneli ya mwanzo achana nayo.

Swali: Ape Escape inafunguka ila siwezi kucheza, tatizo faili?
Jibu: Faili halina shida mkuu. Ape Escape inataka analogi kwa lazima, na pedi zilizokuja na hii konsoli ni za mtindo wa mwanzo kabisa hazina vile vijiti viwili. Kwa pedi hizo haichezeki.

Swali: Tekken 3 ile nzito inaondoka yenyewe nikiweka AutoBleem?
Jibu: Hapana, ile ya ndani inabaki vilevile. Weka ya NTSC (mfumo wa TV wa Marekani) kutoka kwenye diski ya huko kwenye flashi, cheza hiyo, hezi 60 utaiona tofauti kuanzia raundi ya kwanza.