Kabla mwezi haujaandama: mwenye kisukari na saumu

Kwetu Tanga watu huanza kuulizia bei ya tende Shaabani ikiwa katikati. Mwenye kisukari asisubiri hapo. Rajabu ndiyo miadi yake, maana daktari anahitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo kuangalia wastani wa sukari wa miezi mitatu, figo na presha, ndipo aseme: funga, au mwaka huu usifunge. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mjamzito mwenye sukari, aliyeharibika figo na aliyewahi kuzirai kwa sukari kushuka siku za karibuni wamo kwenye hatari kubwa, na kwa kawaida hushauriwa wasifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Asione aibu kuitumia.

Dawa usizipange mwenyewe. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini glibenklamaidi na insulini zinashusha, tena mchana mtu akiwa na njaa. Mara nyingi daktari huhamishia dozi kubwa kwenye futari na kupunguza ya daku. Mwombe akuandikie, saa kwa saa.

Kipimo cha sukari kiwe ndani ya nyumba, na vijiti vyake vya mwezi mzima. Wanazuoni wengi wamesema kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ramadhani moja mama yangu alikuwa akipanga kaimati kwenye sahani, kijiko kikawa kinagongagonga ukingoni. Mkono unatetemeka, jasho limemtoka usoni. Tulipompima, sukari 3.2 (milimoli kwa lita). Magharibi ilibaki dakika 40, naye akasema atavumilia. Hapo hakuna kuvumilia! Sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.6, saumu inafunguliwa papo hapo. Iliyoshuka, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mgonjwa anywe, kisha apimwe tena baada ya dakika 15.

Chakula ndipo penye kazi. Futari ya pwani ni tamu, ila itazame sinia: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi za sukari, uji, kaimati. Karibu yote ni wanga! Chagua kimoja, kiasi cha ngumi yako, na nafasi iliyobaki waachie samaki, mbaazi na mchicha. Tende moja au mbili zinatosha kufungulia, kwa maji. Juisi ya sukari iache. Daku usiliruke wala usilile saa sita usiku ukalala. Kula karibu na alfajiri, dona na kunde au yai na mboga, kwa sababu chai na andazi haviwezi kukufikisha adhuhuri. Maji yanywe kidogokidogo usiku kucha. Tarawehe ni mazoezi tosha; matembezi ya haraka alasiri yaache.

Daktari akikuruhusu, jaribu Alhamisi moja ya Shaabani, ukipima asubuhi, adhuhuri na alasiri. Siku hiyo moja itakuonyesha mwili wako unavyokwenda.

Mama sasa hufunga sukari kwenye pindo la kanga yake, na mjukuu wake wa miaka 11 anajua ni pindo lipi.