Namna ya Kuiwajibisha Kampuni Kubwa kwa Sheria ya Kumlinda Mtumiaji Nchini Kenya

Tuseme umenunua friji kwa shilingi 68,000 katika duka kubwa lenye matawi katika miji mingi ya Kenya. Muuzaji alikuhakikishia kwamba inatumia umeme kidogo na kwamba ina waranti ya miaka miwili. Baada ya miezi mitatu ikaacha kugandisha, na ulipoirudisha ukaonyeshwa maandishi madogo yaliyo chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wateja wengi huishia hapo, wakarudi nyumbani wamenyamaza, na kampuni inayouza maelfu ya friji kwa mwaka huendelea kuuza kama kawaida kwa sababu hasara imegawanyika katika nyumba nyingi na hakuna aliyeiandika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiandika hasara hiyo na mahali pa kuipeleka, hadi kampuni ilazimike kujibu.

Anza kwa kujua unasimama juu ya nini. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia anapopata hasara au madhara yaliyotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba haki zilizomo ndani yake haziondolewi na makubaliano yoyote, kwa hiyo maandishi yale ya chini ya risiti hayawezi kuzifuta. Sheria hiyo inakataza pia maelezo ya uongo au ya kupotosha, na inamruhusu mteja aliyeingia mkataba kwa sababu ya maelezo ya namna hiyo kuuvunja kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu alipouingia. Mwaka huo hupita upesi kuliko watu wanavyodhani, hasa pale kampuni inapokuambia kila wiki kwamba fundi yuko njiani.

Kazi kubwa, na ndiyo nitakayoikalia zaidi, ni ushahidi. Piga picha ya risiti siku ile ile, kwa maana karatasi ya mashine hufifia ndani ya miezi michache ikabaki nyeupe. Hifadhi tangazo lililokuvutia, lebo iliyokuwa kwenye bidhaa, kadi ya waranti, ujumbe wa simu unaothibitisha malipo na picha za skrini za mazungumzo yote. Ukipiga simu kwa huduma kwa wateja, andika jina la aliyekupokea, saa, na namba ya malalamiko uliyopewa, kisha, kabla siku haijaisha, itumie kampuni baruapepe fupi ukisema: "Leo saa nne asubuhi nimezungumza na mhudumu wenu, akaniambia kwamba friji haitapokelewa." Wasipoikanusha, maneno yaliyosemwa kwa mdomo yamekwisha kuwa maandishi. Mimi niliwahi kupoteza madai halali dhidi ya kampuni moja ya bima kwa sababu miezi mitano ya mazungumzo ilikuwa ya simu tupu, na nilipoulizwa niliambiwa nini na lini, sikuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo sijawahi kufunga simu ya namna hiyo bila kuiandikia.

Jambo jingine linalopuuzwa ni jina. Jina lililo juu ya mlango wa duka mara nyingi ni la kibiashara tu, na kampuni iliyosajiliwa ina jina lingine kabisa. Ukishitaki jina la bango, mawakili wao wataomba madai yatupwe kabla hata friji haijatajwa. Tazama risiti, utafute jina rasmi la muuzaji na namba yake ya PIN ya kodi. Panapokuwa na shaka, omba hati ya CR12 kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambayo inaonyesha wakurugenzi na wamiliki wa kampuni.

Ukishapata hayo, andika barua ya madai. Usiijaze maneno makali, kwa kuwa barua hii itakuja kusomwa na mtu wa tatu, naye atataka kuona tarehe, kiasi na ombi. Mfano wake ni huu:

"Tarehe 4 Machi nilinunua friji katika tawi lenu kwa shilingi 68,000, nakala ya risiti imeambatishwa. Tarehe 11 Juni iliacha kugandisha. Niliileta tarehe 13 Juni, mkakataa kuipokea. Kwa mujibu wa Ibara ya 46 ya Katiba na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, ninadai mnirudishie shilingi 68,000, au mnipe friji nyingine ya aina hiyo hiyo iliyo nzima, ndani ya siku 14. Muda huo ukipita nitawasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na kufungua madai mahakamani bila notisi nyingine."

Ipeleke kwa mkono ofisini, ugongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uitume pia kwa baruapepe. Siku 14 ni desturi inayokubalika, nayo inatosha kuonyesha kwamba uliwapa nafasi.

Wakinyamaza, tafuta mdhibiti anayefaa, kwa maana malalamiko yaliyopelekwa kwa ofisi isiyohusika huzunguka miezi bila kuzaa kitu. Mamlaka ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, inashughulikia matangazo ya kupotosha, masharti ya kinyonyaji na bidhaa zisizo salama katika sekta zote. Mambo ya simu na intaneti huenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, benki na wakopeshaji wa kidijitali kwa Benki Kuu, umeme na mafuta kwa EPRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, bima kwa mamlaka yake ya udhibiti, na ubora wa bidhaa kwa KEBS, yaani shirika la viwango. Mkopeshaji wa mtandaoni akipigia jamaa zako simu kukuaibisha, nenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria ya mwaka 2019 inamtaka akamilishe uchunguzi wa malalamiko ndani ya siku 90.

Wapo wanaosema ofisi hizi hazina meno. Sikubaliani nao. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliwataka watoa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja ada kabla hajakamilisha muamala, na leo kila anayetuma pesa ananufaika na agizo hilo. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo, faini ya shilingi 2,975,000 baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilitumiwa kuwatumia ujumbe wa vitisho. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, Mamlaka ya Ushindani ilitangaza adhabu ya takriban shilingi bilioni 1.1 dhidi ya kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, kwa kutumia vibaya nguvu zake dhidi ya wasambazaji wawili. Sheria inaruhusu adhabu ya hadi asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na kwa maelezo ya uongo kwa wateja mhusika anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 10 au kufungwa hadi miaka mitano. Ni kweli kwamba mdhibiti hachunguzi kila barua. Hata hivyo, barua kumi zinazoeleza tendo moja katika matawi tofauti humwonyesha mwenendo, na mwenendo ndio humfanya afungue faili.

Faini huingia hazina ya serikali, si mfukoni mwako. Ili upate pesa zako, nenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 na imepelekwa katika kaunti nyingine tangu hapo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, hailazimiki kufuata kanuni zote ngumu za ushahidi, na sheria yake inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu madai yalipofunguliwa. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kampuni yenyewe italeta wakili, lakini faili lako likipangwa kwa mfuatano wa tarehe, hakimu atalifuata kwa urahisi. Njia hii na ile ya mdhibiti hazizuiani, nami ningeshauri zote mbili zifuatwe kwa pamoja.

Hasara inapowagusa wengi, kama ada ndogo inayokatwa kwa maelfu ya wateja kila mwezi, shauri la mtu mmoja la shilingi 300 halitaisumbua kampuni. Hapo Ibara ya 22 ya Katiba inaruhusu mtu mmoja au shirika kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma. Sheria ya mwaka 2012 nayo inaruhusu madai ya pamoja hata pale mkataba unaposema vinginevyo, na kipengele kinachomlazimisha mteja kwenda kwa msuluhishi hakimzuii kufika Mahakama Kuu. Mwaka 2019 wakili mmoja alilipeleka suala la vifurushi vya data vinavyokwisha muda mbele ya baraza la rufaa la mawasiliano, na mnamo Oktoba mwaka huo Safaricom ikaanza kuuza vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Kabla ya kuungana, kila mlalamikaji ajaze jedwali moja lenye tarehe, kiasi, tawi na ushahidi alionao, ili wakili asianze na rundo la masimulizi.

Mara nyingi kampuni itakuita mezani siku chache kabla ya kusikilizwa. Kubali ikiwa kiasi kinakutosha, lakini isome hati ya makubaliano neno kwa neno, na ukatae kipengele chochote kinachokukataza kumpa mdhibiti habari, kwa sababu hicho ndicho kinachoiwezesha kampuni kumfanyia mwingine yale yale. Ukipata hukumu na wasilipe, iombe mahakama amri ya utekelezaji. Dalali wa mahakama akifika tawini kuorodhesha mali, hundi huandikwa haraka. Nakala ya hukumu ipelekee Mamlaka ya Ushindani iambatishwe kwenye malalamiko yako ya kwanza, kisha rudi dukani baada ya mwezi mmoja, ununue kitu kidogo, utazame kama maandishi yale bado yapo chini ya risiti.